Kuondoa mikwaruzo midogo kwenye rangi ya gari

Kuondoa mikwaruzo midogo kwenye rangi ya gari ni kazi ya kusawazisha na kung'arisha uso wa rangi ili mistari iliyochorwa na mchanga, vumbi, vichaka, kucha au vitambaa vichafu isionekane tena. Kazi hii hufanywa kwa mkono au kwa mashine, kwa kutumia dawa zenye chembechembe laini za kusugulia. Ni tofauti na kupiga rangi upya, kwa sababu haiongezi rangi yoyote kwenye gari.

Jambo la msingi ni kwamba mkwaruzo unapong'arishwa haujazwi. Kinachofanyika ni kupunguza rangi inayouzunguka mpaka uso wote ulingane. Kwa hiyo kila mara gari linaposuguliwa, rangi yake hupungua kidogo, na iliyopungua hairudi. Mtu anayefahamu hilo hupima kina cha mkwaruzo kwanza, huanza na njia iliyo laini kuliko zote, na wakati mwingine huamua kuuacha mkwaruzo kama ulivyo.

Mifano katika makala hii imetolewa hasa katika mazingira ya Kigoma, Ujiji na pwani ya Ziwa Tanganyika nchini Tanzania, ambako vumbi la barabara, miembe na maji ya ziwa huathiri rangi za magari kwa namna zake.

## Muundo wa rangi ya gari

Rangi ya gari la kisasa si tabaka moja. Juu ya bati huwa na matabaka yafuatayo, kuanzia chini:

* Tabaka la kuzuia kutu, ambalo hupakwa kiwandani kwa kuzamisha bodi nzima kwenye dawa na kupitisha umeme. Unene wake ni karibu mikroni 20.
* Praima, inayosawazisha uso na kuzuia vipigo vya kokoto. Unene wake ni karibu mikroni 30 hadi 35.
* Rangi yenyewe, kwa mfano nyeupe, nyeusi au fedha. Ni nyembamba kuliko wengi wanavyodhani, karibu mikroni 15 hadi 20 tu.
* Tabaka angavu la juu, lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia. Unene wake kwa kawaida ni mikroni 35 hadi 50.

Mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Matabaka yote kwa pamoja huwa na mikroni 100 hadi 150, yaani kati ya sehemu ya kumi ya milimita na kidogo zaidi. Unywele wa binadamu una unene wa karibu mikroni 70, kwa hiyo klia yote ya gari ni nyembamba kuliko unywele mmoja.

Klia ndiyo inayolipa gari mng'ao. Ndiyo pia inayoikinga rangi na mionzi ya jua. Ikisuguliwa ikawa nyembamba mno, jua hupenya, klia huanza kufifia na kubanduka vipande vipande, na hapo hakuna dawa ya kung'arisha inayosaidia. Kwa sababu hiyo mafundi waangalifu huihesabu klia kama akiba ndogo inayotumika mara chache katika maisha yote ya gari.

Mfumo wa rangi na klia ulienea viwandani katika miaka ya 1980. Magari ya zamani, malori mengi na baadhi ya magari meupe ya kazi hupakwa rangi ya tabaka moja isiyo na klia. Njia rahisi ya kutambua ni kusugua mahali padogo pasipoonekana kwa kitambaa cheupe chenye polishi kidogo. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, gari hilo halina klia. Kikibaki bila rangi, kuna klia juu yake.

## Kwa nini mkwaruzo huonekana

Uso laini huakisi mwanga kwa mpangilio: miale inayofika ikiwa sambamba huondoka ikiwa sambamba, kama kwenye kioo. Mkwaruzo ni mfereji mdogo wenye kingo. Kingo hizo hutawanya mwanga pande nyingi, na jicho huona mstari mweupe hata kama rangi ya chini haikuguswa. Ndiyo maana mikwaruzo huonekana zaidi kwenye magari meusi na ya bluu iliyokolea, na huonekana vizuri zaidi juani au chini ya taa kuliko siku ya mawingu.

Elimu hii inaeleza pia kwa nini gari lililolowa huonekana jipya. Maji yakijaa ndani ya mfereji, mwanga hautawanyiki sana kwenye kingo zake, na mstari hupotea machoni. Maji yakikauka, mstari hurudi. Mafuta ya aina yoyote hufanya vivyo hivyo kwa muda mrefu kidogo zaidi.

## Kupima kina cha mkwaruzo

Kabla ya kugusa dawa yoyote, sehemu yenye mkwaruzo huoshwa na kukaushwa, kisha hupimwa kwa njia tatu.

1. Kwa maji. Matone machache huwekwa juu ya mkwaruzo. Mstari ukipotea ukiwa na maji, mara nyingi uko ndani ya klia tu na unaweza kuondolewa.
2. Kwa kucha. Kucha hupitishwa kwa wepesi kukatiza mstari. Ikiteleza bila kukwama, mkwaruzo ni wa juu. Ikikwama, mkwaruzo umeshuka mno na kuung'arisha wote kutamaliza klia. Unaweza kupunguzwa kingo zake usionekane sana, lakini si busara kuufuta kabisa.
3. Kwa macho. Mstari unaoonyesha rangi tofauti na ya gari umepita klia. Kijivu au nyeupe kwa kawaida ni praima. Mng'ao wa chuma au wekundu wa kutu ni dalili kwamba bati limefikiwa.

Kutokana na vipimo hivyo, mikwaruzo hugawanywa katika makundi matatu: ya klia, ya rangi na ya bati. Kundi la kwanza pekee ndilo linaloondolewa kwa kung'arisha. Kundi la pili na la tatu huhitaji kuongezewa rangi.

## Vyanzo vya mikwaruzo mkoani Kigoma

Chanzo kikubwa cha mikwaruzo midogo duniani kote si ajali bali ni kuosha na kufuta gari vibaya. Sehemu kubwa ya mchanga ni kwatzi, madini yenye ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs kinachoanzia 1 hadi 10. Kioo na chuma cha kawaida viko chini ya hapo, na klia ya gari ni laini zaidi ya vyote hivyo. Punje moja ya mchanga iliyonaswa kwenye kitambaa huchora mstari kila kitambaa kinapopita. Mistari hiyo ikiwa mingi, juani huonekana kama utando wa buibui unaozunguka taswira ya jua kwenye boneti.

Mkoani Kigoma kiangazi huanza takriban Mei au Juni na kumalizika Septemba au Oktoba. Katika miezi hiyo vumbi jekundu la barabara za udongo na changarawe hufunika magari. Barabara kuu za mkoa, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa za vumbi, zimekuwa zikiwekwa lami hatua kwa hatua, lakini barabara nyingi za vijijini bado ni za udongo. Gari lililotoka safari ya namna hiyo likipanguswa kwa kitambaa kikavu, vumbi hilo hugeuka kuwa msasa.

Kwenye fukwe kuna mchanga unaopeperushwa na upepo wa ziwa na unaobebwa na miguu, magunia na matenga. Magari yanayopakia dagaa mialoni hukwaruzwa hasa kwenye milango ya nyuma, kingo za bodi na juu ya bampa, mahali mizigo inapoegemezwa na kuburutwa. Njia nyembamba za mashambani huongeza mikwaruzo ya matawi na miiba ubavuni, ambayo kwa kawaida huwa mirefu, iliyonyooka na ya klia tu.

## Madoa yanayodhaniwa kuwa mikwaruzo

Si kila alama kwenye rangi ni mkwaruzo. Kuyasugua madoa kwa kompaundi kabla ya kuyasafisha ni kupoteza klia bure.

Maji ya Ziwa Tanganyika si ya chumvi kama ya bahari, lakini yana madini mengi yaliyoyeyuka, hasa ya magnesi na bikaboneti, na yana hali ya alkali yenye pH inayokaribia 9. Gari likioshwa kwa maji hayo na kuachwa likauke juani, kila tone hukauka na kuacha duara jeupe. Duara hilo likiwa jipya huondolewa kwa siki iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa, ikapakwa kwa kitambaa laini kwenye rangi iliyopoa na kusuuzwa baada ya dakika moja au mbili. Likiachwa kwa wiki nyingi, hula klia na kuacha kishimo.

Miembe ni chanzo kingine. Mji wa Ujiji unajulikana kwa miembe yake, na hata mahali pa kumbukumbu ya kukutana kwa David Livingstone na Henry Morton Stanley mwaka 1871 pana miembe. Kivuli chake hupendwa na wenye magari, lakini utomvu unaodondoka hugandamana na rangi, na kinyesi cha ndege na popo wanaofuata maembe kina tindikali inayochoma klia. Utomvu mkavu haukwanguliwi kwa kucha wala kisu. Hulainishwa kwa maji ya vuguvugu au kwa spiriti kidogo kwenye kitambaa, kisha huoshwa. Kinyesi hulowekwa kwanza kwa kitambaa chenye maji mpaka kilainike, ndipo kinanyanyuliwa bila kusugua, kwa kuwa ndani yake mna mbegu na mchanga.

Alama ya tatu ni rangi ya kitu kingine. Gari likiguswa na nguzo, bajaji au bampa ya gari jingine, mara nyingi rangi ya kile kilichogusa ndiyo inayobaki juu. Hiyo hufutwa kwa spiriti au kwa polishi laini, na chini yake rangi ya gari huweza kukutwa nzima.

## Vifaa

* Ndoo mbili, shampuu ya gari au sabuni laini ya maji, na vitambaa laini kadhaa vilivyo safi.
* Polishi, yaani dawa yenye chembechembe laini kabisa.
* Kompaundi, yaani dawa yenye chembechembe kali zaidi.
* Sifongo za kupakia, moja kwa kila aina ya dawa.
* Spiriti iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa, kwa ajili ya kufuta mabaki ya dawa.
* Nta ya gari kwa ajili ya kumalizia.
* Utepe wa karatasi wa kufunikia mipira, plastiki na kingo za milango.
* Msasa wa maji namba 2000, 2500 au 3000, kwa fundi mwenye uzoefu tu.

Mashine za kung'arishia ziko za aina mbili kuu. Moja huzunguka tu. Ni ya haraka, lakini hukusanya joto na huweza kuchoma klia kwa sekunde chache, hasa kwenye kingo na mikunjo ya bodi ambako rangi ni nyembamba. Nyingine huzunguka huku ikiyumba. Ni ya polepole na salama zaidi kwa anayejifunza. Kwa mkwaruzo mmoja au miwili, mkono unatosha.

## Hatua za kazi

1. Gari huegeshwa kivulini na kuachwa lipoe. Kigoma iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na bati la gari jeusi likiwa juani mchana huweza kupita nyuzi joto 60. Dawa hukauka kabla ya kufanya kazi na huacha madoa. Asubuhi mapema ni wakati mzuri.
2. Gari husuuzwa kwa maji mengi ili mchanga utoke kabla halijaguswa. Kisha huoshwa kwa ndoo mbili: moja ya sabuni na nyingine ya maji safi ya kusuuzia kitambaa kila kinapotoka kwenye gari. Huoshwa kuanzia juu kwenda chini, kwa kuwa chini ndiko kwenye mchanga mwingi.
3. Gari hukaushwa kwa kitambaa laini kwa kukandamiza, si kwa kusugua.
4. Kina cha mkwaruzo hupimwa kama ilivyoelezwa hapo juu. Plastiki na mipira ya jirani hufunikwa kwa utepe.
5. Polishi kidogo, kiasi cha punje chache za maharage, huwekwa kwenye sifongo. Husuguliwa kwenye eneo dogo la karibu sentimita 30 kwa 30, kwa mwendo wa kwenda na kurudi kisha wa kukatiza, kwa nguvu ya wastani, kwa dakika moja au mbili.
6. Mabaki hufutwa kwa kitambaa safi, kisha eneo hupanguswa kwa spiriti iliyochanganywa na maji. Hatua hii hurukwa na wengi, nayo ni muhimu: mafuta yaliyomo kwenye polishi huujaza mkwaruzo na kuuficha, kisha baada ya kuoshwa mara mbili tatu mkwaruzo hurudi na mwenye gari hudhani amedanganywa.
7. Matokeo hutazamwa kwa mwanga wa jua au tochi kutoka pembe mbalimbali. Kama mstari umebaki, polishi hurudiwa mara moja au mbili. Ikishindikana ndipo kompaundi hutumika, na baada ya kompaundi lazima polishi ifuate ili kuondoa ukungu unaoachwa na chembechembe kali.
8. Nta hupakwa tabaka jembamba, huachwa ikauke na kufutwa.

Msasa wa maji hutumika pale tu kompaundi iliposhindwa na mkwaruzo bado uko ndani ya klia. Hulowekwa kwenye maji kwanza, husuguliwa kwa wepesi mara chache, na uso hukaguliwa kila mara. Msasa huondoa klia haraka kuliko njia nyingine zote zilizotajwa. Rangi ya gari ikianza kuonekana kwenye maji ya kusugulia, klia imekwisha mahali hapo, na kazi hiyo imegeuka kuwa ya kupiga rangi.

Magari mengi nchini Tanzania huingizwa yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani. Gari la namna hiyo huenda lilikwisha kung'arishwa mara kadhaa kabla ya kuuzwa, na mnunuzi hawezi kujua kwa macho klia iliyobaki ni kiasi gani. Kuna kifaa cha kupima unene wa rangi kinachowekwa juu ya bati. Kwa asiye nacho, njia salama ni kudhani kwamba klia ni kidogo.

## Mkwaruzo uliofika kwenye bati

Mkwaruzo wa bati si suala la urembo. Chuma kikikutana na maji na oksijeni hupata kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, kwa hiyo huinyanyua rangi ya pembeni na kuendelea chini yake bila kuonekana. Mstari wa sentimita tano unaweza kuwa lengelenge la ukubwa wa kiganja baada ya misimu michache ya mvua.

Historia ya Kigoma ina mfano maarufu wa kanuni hiyo. Meli ya Kijerumani Graf von Götzen, iliyotengenezwa Papenburg nchini Ujerumani, ikasafirishwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mnamo Julai 1916 isichukuliwe na adui katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini zake grisi nzito. Iliibuliwa mwaka 1924, na kwa kuwa maji na hewa havikuwa vimeufikia sana chuma cha injini, iliweza kukarabatiwa na kuanza tena safari mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Rangi ya gari hufanya kazi ileile iliyofanywa na grisi ile: kutenganisha chuma na maji na hewa. Ikikatika, kazi hiyo husimama mahali hapo.

Kwa magari ya mkoa huo hatari huongezeka kwa yale yanayobeba chumvi kutoka Uvinza, kwa sababu chumvi iliyolowa huharakisha kutu. Samaki waliotiwa chumvi na maji yao nao huleta madhara kama hayo. Gari lililobeba mizigo ya aina hiyo huoshwa lote, pamoja na chini, na mikwaruzo yake ya bati huzibwa mapema.

Namna ya kuziba ni hii:

1. Kutu yote hukwanguliwa kwa ncha ya kisu au kwa kipande kidogo cha msasa mpaka chuma safi kionekane, bila kupanua jeraha.
2. Sehemu hufutwa kwa spiriti na kuachwa ikauke.
3. Praima ya kuzuia kutu hutiwa kwa brashi ndogo au kijiti cha meno, kiasi cha kujaza mfereji tu.
4. Rangi inayolingana hutiwa kwa matabaka membamba mawili au matatu, kila moja likiachwa likauke.
5. Klia hutiwa juu. Baada ya siku kadhaa, ikiwa ngumu, husawazishwa na kung'arishwa.

Rangi inayolingana hutafutwa kwa namba, si kwa macho. Namba hiyo imeandikwa kwenye kibati kilichopo kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti. Kwenye magari ya Toyota mara nyingi huonyeshwa kwa herufi C/TR. Kwa mfano 040 ni nyeupe, 202 ni nyeusi na 1F7 ni fedha. Hata hivyo, rangi iliyopigwa jua kwa miaka mingi huwa imefifia, na rangi mpya yenye namba sahihi huweza kuonekana imekolea zaidi.

Kama mwenye gari hana rangi wala nafasi ya kwenda kwa fundi, kupaka nta au grisi kidogo juu ya bati lililo wazi huchelewesha kutu kwa siku chache. Bampa za plastiki hazipati kutu, na bodi za alumini, kama za Land Rover nyingi za zamani, hazipati kutu nyekundu; mikwaruzo yake inaweza kusubiri.

## Njia za mitaani

Dawa ya meno huweza kupunguza mkwaruzo mwepesi sana kwa sababu ina chembechembe za kusugulia. Lakini imetengenezwa kwa ajili ya meno, na ukali wake kwa rangi hutofautiana kutoka aina moja hadi nyingine. Ikitumika, huwekwa kidogo, kwenye eneo dogo, na huoshwa vizuri.

Mafuta ya kula, pamoja na mawese ambayo ni zao kubwa la Mkoa wa Kigoma, huuficha mkwaruzo kwa muda kwa sababu iliyoelezwa hapo juu ya kujaza mfereji. Hayauondoi, na mafuta hunasa vumbi linaloleta mikwaruzo mipya.

Petroli na thina huyeyusha nta na huweza kulainisha rangi, hasa iliyopigwa gereji, na mivuke yake hushika moto kwa urahisi. Sabuni ya unga na sabuni za vipande zina alkali nyingi. Husafisha grisi lakini huondoa nta yote, na punje za sabuni ya unga zisizoyeyuka hukwaruza. Majivu, mchanga laini na waya wa kusugulia sufuria haviwezi kutumika kwenye rangi ya gari kwa namna yoyote.

## Usalama

Vumbi la kusugua rangi halifai kuvutwa puani. Rangi za zamani huweza kuwa na risasi, ambayo ni sumu hasa kwa watoto. Kusugua kwa msasa uliolowa hupunguza vumbi kuliko kusugua kukavu, na fundi huvaa barakoa na miwani.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye kupiga klia na rangi zinazochanganywa na dawa ya kugandisha. Nyingi ya dawa hizo zina kemikali za kundi la isosayaneti, ambazo huweza kusababisha pumu ya kudumu kwa mafundi wanaozivuta. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii mivuke hiyo, wala barakoa ya vumbi. Kazi hiyo huhitaji barakoa yenye vichujio vya kemikali na mahali penye hewa inayopita. Hii nayo ni sababu ya kung'arisha mkwaruzo unaong'arishika badala ya kukimbilia kupiga rangi mlango mzima.

## Maji ya kuoshea na Ziwa Tanganyika

Kuosha gari ndani ya ziwa au ukingoni mwake hupeleka majini mafuta ya injini, sabuni na mabaki ya dawa za kung'arisha. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na ni la pili kwa kina duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Hutoa maji yake kupitia mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, na maji hukaa ziwani kwa mamia ya miaka kabla ya kutoka. Uchafu unaoingia hauna njia ya haraka ya kuondoka. Ziwa lina aina nyingi za samaki wasiopatikana penginepo duniani, na wakazi wa Kigoma na Ujiji hulitegemea kwa dagaa, migebuka na maji.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nchini Tanzania huzuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilitia saini mkataba wa kulihifadhi jijini Dar es Salaam mwaka 2003. Kwa mwosha gari, njia sahihi ni kuchota maji na kuoshea mbali na ukingo, mahali ambapo maji machafu hayatiririki moja kwa moja ziwani. Kwa rangi ya gari pia ni faida, kwani ufukweni ndiko kwenye mchanga mwingi.

## Kinga

Mwaka 2005 kampuni ya Nissan ya Japani ilitangaza klia yenye utomvu mwororo ambayo mikwaruzo yake midogo hujifunga yenyewe baada ya muda, na haraka zaidi kukiwa na joto. Magari mengi hayana klia ya namna hiyo, na kinga yao iko katika matumizi ya kila siku.

Gari lenye vumbi halifutwi kikavu, husuuzwa kwanza. Kitambaa kilichoanguka chini hakirudishwi kwenye gari kabla ya kufuliwa. Dodoki na brashi za nyuzi ngumu hutumika kwenye magurudumu, si kwenye boneti. Gari lililooshwa kwa maji ya ziwa hukaushwa papo hapo. Nta hupakwa kila baada ya miezi michache, ili punje za mchanga ziteleze na utomvu usishike. Mizigo hupakiwa juu ya gunia au turubai, siyo kuburutwa kwenye ukingo wa bodi. Na mkwaruzo wa klia usioonekana kwa mtu aliyesimama hatua mbili kutoka kwenye gari, mara nyingi huachwa: klia iliyobaki itahitajika siku ambayo mkwaruzo utakuwa mkubwa zaidi.